Uwezo Usiouzwa kwa Fedha

Somo letu la mwezi huu limo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 8, tangu aya ya 9 hata ya 24. Twawasihi mlifungue kwanza mkalisome wenyewe, maana sisi tutalieleza kwa maneno yetu tu.

Filipo aliposhuka mpaka mji wa Samaria, alimkuta huko mtu mmoja jina lake Simoni. Mtu huyu alikuwa mganga mwenye sifa kubwa. Wadogo kwa wakubwa walimsikiliza, wakasema kwamba ndani yake umo uwezo wa Mungu, ule ulio mkuu. Hawakusema kwamba ana uwezo wa Shetani. Jambo hilo tuliangalie sana. Watu wa Samaria hawakudhani kwamba wanamwendea mwovu. Walidhani kwamba wanamwendea Mungu kwa njia ya karibu. Baadaye Filipo akahubiri, wengi wakabatizwa, na Simoni naye akabatizwa. Akawa akimfuata Filipo kila aendako, akiyastaajabia matendo yaliyofanyika.

Ndipo Petro na Yohana walipokuja kutoka Yerusalemu, wakaweka mikono juu ya wale waliobatizwa, nao wakampokea Roho Mtakatifu. Simoni alipoona hayo, alileta fedha. Nasi twauliza: aliomba nini? Hakuomba apewe Roho Mtakatifu. Aliomba apewe amri ya kumgawa, ili kila atakayemwekea mikono ampokee Roho kwa mkono wake yeye Simoni. Alitaka kuwa mwenye duka. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuuza uwezo, na alipoona uwezo mkubwa kuliko wake, alifanya kama afanyavyo mchuuzi ye yote: aliuliza bei ya jumla. Petro alimjibu kwa ukali kwamba fedha hiyo na mwenyewe wote wamo katika njia ya upotevu, kwa kuwa alidhani kipawa cha Mungu hupatikana kwa mali. Kwa ajili ya habari hii, katika Kanisa la kale tendo la kununua au kuuza kazi ya Kanisa liliitwa kwa jina lake, usimoni, hata leo.

Basi tuje kwetu. Nchi hii ya Simiyu, iliyofanywa kuwa mkoa mwaka 2012, na Bariadi kuwa makao yake makuu, ni nchi ya watu wafanyao kazi kwa nguvu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, ya mtama na mahindi na mpunga. Lakini mkulima wa pamba aweza kuamka alfajiri siku zote, akalima vema, akapalilia vema, mvua isinyeshe. Tena mvua yaweza kunyesha, pamba ikazaa, bei ikashuka. Ng'ombe hufa kwa ugonjwa asioujua. Mtoto alale akiwa mzima, usiku ashikwe na degedege. Radi hupiga nyumba moja, na nyumba iliyo karibu nayo haiguswi. Mtu aliye katika maisha kama haya akitafuta uwezo ulio mkubwa kuliko mikono yake, sisi hatumcheki. Mhubiri amchekaye hajapata kuzika mtoto wake mwenyewe.

Tena wazee wetu walijua kwamba uwezo hutafutwa. Wasukuma wote wazijua habari za Ngika na Gumha, waganga wawili wa zamani walioshindana kwa ngoma na dawa, hata wafuasi wao wakagawanyika kuwa Bagika na Bagalu. Kila mwaka, mavuno yakiisha, vyama vyao husimama uwanjani, na kila kimoja hutaka watu wageuke wakitazame chenyewe. Ngoma ni furaha, na ustadi wa wachezaji ni karama. Sisi hatuoni kosa katika mguu upigao ardhi vizuri. Lakini katika desturi hiyo imo pia dawa iitwayo samba, ya kuwavuta watazamaji, na pengine dawa ya kumharibia mpinzani. Basi hapo ndipo palipo neno letu. Uwezo unaonunuliwa karibu sikuzote huwa ni uwezo juu ya mtu fulani. Mwenye kuununua hujikuta hana budi kuwa na adui, na kama hana, atatafutiwa.

Twasema haya kwa kuwa tunaona jinsi mambo yanavyokwenda. Mtoto amekufa, au maziwa ya ng'ombe yamekauka, au kijana amekosa mke mara tatu. Watu wa nyumba hiyo huenda kwa mganga, ambaye kwa Kisukuma huitwa mfumu. Huyo atazama matumbo ya kuku, au hupiga ramli kwa namna nyingine. Wako waganga wajuao mizizi na majani kweli kweli, na elimu yao ya miti hatuidharau; serikali yenyewe ilitunga sheria ya tiba asili mwaka 2002 ili kazi hiyo ifanyike kwa utaratibu. Lakini mwenye kupiga ramli haulizwi dawa ya homa. Aulizwa jina. Naye akisema kwamba adui ni mwanamke, ni mzee, akaa upande wa machweo, macho yake ni mekundu, basi amekwisha kusema vya kutosha. Siku hizi polisi wameipa ramli ya namna hiyo jina lililo sawa kabisa: ramli chonganishi.

Twaomba msomaji asipite upesi mahali hapa. Macho ya mama mzee wa Usukuma yamekuwa mekundu kwa sababu gani? Kwa sababu amepika tangu utoto wake katika nyumba isiyo na tundu la kutokea moshi, naye hapiki kwa kuni njema, bali kwa mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Na kuni njema zimekwenda wapi? Wakati wa serikali ya Waingereza pori jingi la Usukuma lilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Kisha watu na ng'ombe na mashamba ya pamba vikaongezeka, na miti haikurudi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, ili kuurudisha uoto, nayo ilisimama juu ya desturi ya wazee wetu wenyewe ya kutenga ngitili. Hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ni wilaya za Mkoa wa Shinyanga. Basi angalieni mnyororo huu: pori limekatwa, kuni zimekosekana, moshi umeyachoma macho ya bibi, na mjukuu wa jirani ameambiwa kwamba macho hayo ndiyo alama ya mlogi.

Hesabu ya waliouawa si ndogo. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali, watu 3,693 waliuawa katika Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi za Wasukuma. Na wauaji hayo hayakukoma mwaka 1984. Kisha, tangu mwaka 2007 hivi, ukaja uovu mwingine katika mikoa ya Ziwa, wa kuwaua au kuwakata viungo watu wenye ualbino, kwa maana waganga wa uongo walisema kwamba viungo vyao huleta mali. Mtu mwenye ualbino ni mtu aliyezaliwa na upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho, jambo alilolirithi kwa baba na kwa mama wote wawili. Mwili wake hauna dhahabu ndani yake kuliko mwili wa mtu mwingine. Bibi ameuawa kwa kuogopwa, na mtoto huyu kwa kutamaniwa. Hofu na tamaa hununua katika duka moja.

Labda msomaji mmoja atasema, Haya ni mambo ya Wasukuma, au mambo ya Waafrika. Sivyo. Katika Ulaya ya Kikristo, tangu karne ya 15 hata ya 18, makumi elfu ya watu waliuawa kwa shitaka la uchawi, na walio wengi walikuwa wanawake. Nchi za Kilutheri hazikuwa safi katika jambo hilo. Martin Luther mwenyewe aliamini habari za wachawi kama watu wa zamani zake walivyoziamini, akanena kwamba wastahili adhabu, na katika mji wake wa Wittenberg watu waliuawa kwa shitaka hilo mwaka 1540. Hatuna haja ya kuficha neno hili. Mwalimu mkuu ni mwanadamu. Lakini mwaka 1635 Mlutheri mmoja, Johann Matthäus Meyfart, mwalimu wa elimu ya dini katika mji wa Erfurt, alitoa kitabu cha kuyalaumu mateso yale, akawalaumu waamuzi na wahubiri pamoja. Miaka michache mbele yake, mwaka 1631, padre wa Kikatoliki aitwaye Friedrich Spee alikuwa amefanya vivyo hivyo. Hawakusikiwa upesi. Hata mwaka 1782, katika Glarus ya Uswisi, mtumishi wa nyumbani aitwaye Anna Göldi alikatwa kichwa, naye alikuwa amedhaniwa kwamba amemloga mtoto wa bwana wake. Mwaka 2008 baraza la jimbo lile lilitangaza kwamba hakuwa na hatia. Miaka 226 ilipita ili kulisema neno moja la haki.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe. Uwezo wa Mungu ni upi, na Mkristo wa Simiyu anao?

Luther alipokuwa kijana wa miaka 21, tarehe 2 Julai 1505, alikuwa njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ikapiga karibu naye. Kwa hofu alimwita Anna Mtakatifu, akaweka nadhiri kuwa mtawa. Wenzetu wa Bariadi hawahitaji kuelezwa hofu hiyo. Yeye alifikiri kama wengi wafikirivyo, kwamba uwezo wa Mungu ni ule wa radi: hupiga, huvunja, hushinda. Lakini miaka 13 baadaye, mwaka 1518, aliposimama kujadiliana na watawa wenziwe huko Heidelberg, alifundisha kwamba amtafutaye Mungu katika fahari na nguvu zionekanazo hatamfahamu, bali Mungu amependa kujulikana katika mateso na msalaba. Ni mafundisho magumu. Mtume Paulo alikuwa ameyasema mbele yake, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 1, kwamba Kristo aliyesulibiwa ndiye uwezo wa Mungu, ingawa kwa Wayahudi ni kikwazo na kwa Wayunani ni upuzi.

Mwangalieni Bwana msalabani. Waliosimama chini walimwambia ajiokoe mwenyewe, nao walidhani kwamba ndilo jaribu la mwisho la uwezo. Kama angalikuwa na lukago, yaani kinga, si hapo ndipo ingalifanya kazi? Hakujikinga. Aliwaombea waliompigilia misumari, akamwangalia mama yake apate mahali pa kukaa, akamfungulia mlango mwivi. Katika saa ile alipokuwa hawezi kuuondoa mkono wake mtini, alifanya mambo matatu ambayo dawa ya mfumu haijapata kufanya. Na siku ya tatu Baba alimfufua.

Paulo naye alikuwa na mwiba katika mwili wake. Ulikuwa nini, hakuandika. Aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Alijibiwa kwamba neema ya Bwana inamtosha, na kwamba uwezo wa Bwana hukamilika pale penye udhaifu. Someni katika Waraka wa pili kwa Wakorintho, mlango wa 12. Twaona kwamba jibu hilo haliuziki. Hakuna mtu atakayetoa mbuzi wawili ili aambiwe kwamba neema yatosha. Kwa hiyo Simoni asingalilitaka.

Nasi Walutheri tusijione kwamba Simoni hukaa kwa wengine tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, na wa mikoa ya Ziwa pia, walikwenda Samunge katika Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Yeye alifariki mwaka 2021, na Mungu ndiye amhukumuye. Wala shilingi 500 si bei ya mtu mwenye kutafuta utajiri. Neno letu ni juu ya sisi tuliokwenda. Wengine waliacha dawa za hospitali walizopaswa kuzimeza kila siku. Wengine walifia njiani katika misafara. Kwa nini tulikwenda upesi hivyo? Tulitaka kikombe kimoja kimalize yote, tusiwe tena na haja ya kumwomba Mungu kesho. Na siku hizi wako waitwao manabii, wauzao mafuta na maji, na mwenye kutaka kuwaona hutozwa ada mlangoni. Hapo hatuna haja ya kusema mengi. Petro amekwisha kusema.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aliieleza Amri ya kwanza kwa maneno machache tunayowafundisha watoto wa kipaimara: kumcha Mungu, kumpenda, na kumtegemea kupita vyote. Wengi wetu twafikiri kwamba tumeivunja amri hiyo tukisujudia sanamu tu. Lakini mwenye kuvaa hirizi chini ya shati lake la kuendea kanisani amekwisha kuonyesha ni nani amchaye kupita vyote: amcha jirani yake. Jirani amekuwa mungu wake, maana amemdhania uwezo wa kuua na wa kuhuisha. Twasema neno hili kwa huruma. Wale wa Efeso waliokuwa waumini walikuja wakaungama, na vitabu vya uganga vilivyochomwa vilifikia bei ya vipande 50,000 vya fedha; maana yake waliovileta walikuwa wamevitunza kwa muda hata baada ya kuamini. Mwinjilisti akiletewa hirizi usiku, asimtangaze aliyeileta siku ya Jumapili. Aichome pamoja naye, waombe, na habari iishie hapo.

Mtume Paulo alimwandikia Timotheo, katika Waraka wa pili, mlango wa 1, kwamba Roho tuliyepewa haleti woga, bali nguvu na upendo na kiasi. Vitatu hivi hukaa pamoja. Nguvu pasipo upendo ndiyo ile iuzwayo sokoni. Kwa hiyo tukitaka kujua kama usharika una nguvu za Roho, hatutauliza kwamba sauti zao katika maombi ni kubwa kiasi gani. Tutauliza habari za mama mzee wa macho mekundu: aketi wapi katika nyumba ya Mungu, na ni nani amsindikizaye kwenda kwake jua likichwa.

Waalimu na wainjilisti, kazi hii ni yenu hasa. Msibani, swali la kwanza la watu huwa ni nani aliyefanya. Nanyi mwajua kwamba wanafunzi walimwuliza Bwana swali la namna hiyo katika Yohana, mlango wa 9, juu ya kipofu yule, ni nani aliyetenda dhambi, naye hakuwapa jina. Basi msingoje siku ya mazishi. Fikeni usiku ule wa kwanza, kabla watu wa ukoo hawajakaa kikao chao, mkae nao, mlie nao. Kama mtoto alikuwa na homa, semeni neno la malaria mapema, na mwe ninyi mnaowahimiza wazazi kumpeleka zahanati mtoto wa pili akiwa bado na nguvu. Mkisikia jina limetajwa, mwende kwa mwenye jina hilo usiku ule ule, msiende peke yenu, na mpelekeni habari kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 humhesabu kuwa mkosaji hata yeye amtajaye mwenzake kuwa ni mchawi. Si haba kuikumbusha. Lakini sheria haiwezi kulala mlangoni pa mjane. Mkristo aweza.

Vijana nao wana kazi. Mjenzi mmoja na vijana wawili hutosha kumjengea bibi jiko lenye bomba la kutolea moshi nje, kwa udongo na matofali ya hapo hapo. Wapandeni miti mitano nyuma ya nyumba yake. Twajua kwamba watu fulani watasema, Hiyo si kazi ya kiroho. Na waseme, macho ya mama huyo yatajibu.

Itakuwapo hofu. Mtu amteteaye aliyetajwa huweza kutajwa yeye mwenyewe, nasi hatutawaambia kwamba hakuna hatari. Katika Nassa, kando ya Ziwa, mahali palipo leo katika Wilaya ya Busega, Injili imehubiriwa tangu karne ya 19. Ndugu wa African Inland Mission walikipokea kituo kile mwaka 1909 kutoka kwa Church Missionary Society. Hao waliotangulia walikuwa wachache, na wengi walikufa kwa homa, wala hawakuwa na kinga yo yote ya kuwaonyesha watu.

Tena kuna neno moja la somo letu tulilolisahau. Simoni, alipokwisha kukemewa, hakukasirika akaenda zake. Aliwaomba mitume wamwombee kwa Bwana. Luka hakutuandikia mwisho wake ulikuwaje. Ameandika tu kwamba Petro na Yohana walishika njia ya kurudi Yerusalemu, na katika njia hiyo walihubiri Injili katika vijiji vingi vya Wasamaria.